Funika maneno, kisha funika picha: vitabu vya katuni katika darasa la Pemba

SWALI

Assalaamu alaykum. Nasomesha Darasa la Pili katika skuli moja ya msingi wilaya ya Wete, Pemba. Wanafunzi wangu wamepindukia sitini. Jamaa yetu aliyeko ng'ambo ametuletea boksi la vitabu vya katuni vya kuchekesha, vyengine vya Kiswahili, vyengine vya Kiingereza. Watoto wanavigombania, lakini ninavyowaona wanatazama picha, wanacheka, basi. Mwalimu mwenzangu anasema hivyo ni vya kuchezea, si vya kusomeshea. Mzazi mmoja naye amekuja kulalamika kwamba mwanawe anajifunza kumjibu bibi yake vibaya. Niviache darasani au niviondoshe? Na nikitaka kutengeneza vyangu mwenyewe, mimi nisiyejua kuchora, nianzie wapi?

JIBU

Waalaykumu salaam, Mwalimu. Viache. Lakini usiviache vyote, na hilo uliloliona, kwamba watoto wanatazama picha, wanacheka, basi, usilipuuze, maana umeona sawasawa. Ndani ya boksi lako mna vitabu vilivyofanana sura na visivyofanana kazi, na lazima uvitenge kabla hujampa mtoto hata kimoja.

Chukua kitabu, fungua ukurasa wenye mzaha, kisha ufunike maneno yote kwa vipande vya karatasi: viputo vya maneno pamoja na maelezo ya juu na ya chini. Tazama picha peke yake. Ikiwa kichekesho kimebaki kizima, mtu kateleza kwenye ganda la ndizi, mbuzi kala kanga kwenye kamba, basi mtoto hana haja ya kusoma ili acheke, na hatosoma. Si uvivu, kwa nini afanye kazi ambayo malipo yake keshayapata? Sasa geuza. Fungua maneno, funika picha. Ukicheka hapo, hicho ni kitabu cha vichekesho kilichopambwa tu, na kwa msomaji mchanga kina uzito uleule wa kitabu chengine chochote. Unachokitaka wewe ni kile ambacho ukifunika upande wowote mmoja, mzaha unakufa. Picha inasema hivi, maneno yanasema vile, na kicheko kinakuja pale mtoto mwenyewe anapogundua kwamba haviafikiani.

Ngoja nikupe ukurasa mmoja wa kwenu huko huko. Ni siku ya mchezo wa ng'ombe, ule wa kumchokoza fahali uwanjani. Kisanduku cha kwanza: mzee mnene, kofia ya viua kaiweka upande, kasimama katikati ya uwanja kifua mbele. Kiputo kinasema, “Mie ng'ombe simwogopi!” Kisanduku cha pili: mzee yuleyule, hajasogea, lakini watu wote waliokuwa nyuma yake sasa wako juu ya miembe. Naye anasema, “Aje hapa, nitamshika pembe!” Kisanduku cha tatu: kofia imeinuka kichwani, na nyuma ya bega lake yameingia matundu mawili makubwa ya pua. Mzee hageuki. “Nani ananipulizia? Sitaki utani!” Kisanduku cha nne: uwanja mtupu, kandambili mbili chini, ng'ombe anatafuna kofia kwa raha zake. Juu kabisa ya mnazi inaning'inia miguu miwili, na kiputo kinatoka kwenye makuti: “Nimekuja kuangua madafu.”

Funika maneno uone. Kumebaki mtu aliyekimbia ng'ombe, jambo ambalo watoto wa Pemba wameliona kwa macho yao, na kwa uwanjani ni zuri zaidi kuliko kwenye karatasi. Funika picha: kumebaki mtu anayejisifu na kwenda kuangua madafu. Viweke pamoja ndipo darasa lilipuke. Na mtoto aliyecheka bila ya kusoma atamwona jirani yake kacheka zaidi, atauliza “nini, nini?”, atarudi kwenye kiputo cha mwisho na kukisoma silabi kwa silabi: Ni-me-ku-ja ku-a-ngu-a ma-da-fu. Hapo umempata.

Kuna jambo jengine hapo ambalo mwalimu mwenzako ataliheshimu. Baina ya kisanduku cha tatu na cha nne hakuna aliyemchora mzee akikimbia, wala akivua viatu, wala akipanda mnazi. Mtoto ndiye aliyeyaona hayo kichwani mwake, kwa dalili alizoachiwa: kandambili, kofia, miguu. Tunapowapa habari ya kusoma na kuuliza “Unadhani kwa nini Asha hakwenda skuli?” tunatafuta uwezo huohuo, wa kufahamu kisichoandikwa, na ndio unaowashinda wengi. Katuni inawafanyisha zoezi hilo kwenye kila mwanya baina ya visanduku, bila ya wao kujua kwamba ni zoezi.

Tena wanarudia. Kitabu cha hadithi ya kawaida mtoto akishakijua mwisho wake anakiweka. Cha kuchekesha anakipeleka kwa mwenzake, anamsomea, anamwonesha pa kucheka, na kila anapokisoma anaokota alichokipita. Mchoraji hodari huficha kitu kwa ajili hiyo. Katika ukurasa ule wa ng'ombe ningeweka ncha ya pembe juu ya ua wa makuti tangu kisanduku cha kwanza. Hakuna atakayeiona mara ya kwanza. Atakayeiona mara ya tatu atawaamsha wenzake wote, na kitabu kitasomwa upya.

Sasa mambo ya macho, ambayo wanunuzi wa vitabu huyasahau. Tazama herufi. Katuni nyingi huandikwa kwa herufi kubwa tupu toka mwanzo hadi mwisho, ni desturi ya wachoraji. Mtoto wako wa Darasa la Pili kajifunza kusoma kwa herufi ndogo. “Mwalimu” anaitambua kwa umbo lake kabla hajaitamka, lakini “MWALIMU” inambidi aanze upya. Vitabu vya herufi ndogo vitangulize, hivyo vyengine viende Darasa la Nne. Tazama pia maneno yalivyokatwa. Kiputo ni chembamba na vitenzi vyetu ni virefu, kwa hiyo neno kama “hawakutuambia” hukatwa mstari wa kwanza kwenye “hawaku-” na kumaliziwa chini. Mtu mzima haoni tabu. Msomaji mchanga anasoma “hawaku” kama neno, anasimama, anashangaa. Vitabu vilivyofasiriwa vina kasoro hii sana kwa sababu viputo vilichorwa kwa lugha nyengine, na Kiswahili kikashindiliwa humo.

Na kuna hili la kwetu Visiwani, ambalo miongozo ya kutoka nje haiwezi kukwambia. Watoto wako wanapitia chuoni, kwenye masomo ya Kurani. Wengine wameshika juzuu kabla hawajashika kitabu cha Kiswahili, na kule jicho linakwenda kutoka kulia kuja kushoto. Kwenye mstari wa Kiswahili hawakosei, kwa sababu herufi zenyewe zinawaongoza. Kwenye ukurasa wa picha hakuna kinachowaongoza, na utamwona mtoto anaanza kisanduku cha juu kulia, na hadithi inamjia kinyumenyume: watu kwanza juu ya miembe, halafu wako nyuma ya mzee. Ukimwona hacheki, usimwambie hafahamu. Muulize kaanzia wapi. Siku ya kwanza chora ukurasa mtupu wa visanduku ubaoni, uwaoneshe njia kwa mshale, na wao waifuate kwa kidole hewani. Ndani ya kisanduku sheria ni hiyohiyo: aliye kushoto juu ndiye aliyesema mwanzo. Dakika kumi, imekwisha. Jihadhari tu na vitabu vya katuni za Japani, kama vimo kwenye boksi, kwani vyengine huchapishwa kwa mpangilio wao wa asili wa kulia kwenda kushoto. Hivyo watoto wako watavisoma vizuri kuliko wewe.

Kuhusu mwenzako: anayedhani katuni imevamia skuli kutoka mtaani hajui ilikozaliwa. Rodolphe Töpffer, ambaye wanahistoria wengi wa fani hii humhesabu mwanzilishi wake, alikuwa mwalimu mjini Geneva, Uswisi, mwenye skuli yake ya bweni. Hadithi zake za picha za kuchekesha zilianza kwa kupita mikononi mwa wanafunzi wake, na ya kwanza ikachapishwa mwaka 1833. Na huku kwetu, muulize mtu mzima yeyote aliyekuwa akisoma gazeti la Uhuru kama hakumtafuta Chakubanga, mhusika wa katuni za Christian Gregory, kabla ya habari za ukurasa wa mbele. Kenya walikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau kwenye gazeti la Taifa Leo. Sisemi uwapeleke hao Darasa la Pili. Vichekesho vile ni vya wakubwa. Nasema tu kwamba kusoma kwa ajili ya kucheka hakukumharibu mtu.

Mzazi, hata hivyo, ana hoja, na usimjibu harakaharaka. Kichekesho cha watoto takriban siku zote kinahitaji mtovu mmoja; bila ya yeye hakuna kisa. Suala ni kwamba mwisho anachekwa nani. Abunuwasi kawachezea wafalme na matajiri vizazi na vizazi, na hakuna bibi aliyekataza asisimuliwe, kwa sababu anayeaibika ni mwenye tamaa na mwenye kiburi. Kitabu ambacho mtoto anamjibu bibi yake jeuri na ukurasa unafungwa bibi akiwa ndiye kichekesho, hicho kitoe, mzazi kasema kweli. Kama bibi ndiye anayempiku mwisho, mwite mzazi, msomee mpaka ukurasa wa mwisho. Mara nyingi mtoto amepeleka nyumbani nusu ya mzaha.

Mimi ninaviondosha bila ya majadiliano vile vinavyomcheka kiziwi, kiwete, mtu mwenye ualbino, au mtu kwa weusi wake. Na kiko kichekesho kimoja rahisi kupita vyote, ambacho nyinyi watu wa Pemba mmekichoka: mhusika anayechekwa kwa lafudhi yake tu. Ni uvivu wa mwandishi. Utumie mwiba huohuo kinyume chake: maelezo ya chini ya picha yawe kwa Kiswahili sanifu, na ndani ya viputo waachie wahusika waseme kama wanavyosema nyumbani. Mtoto anayeyakuta maneno ya mama yake yameandikwa kitabuni anayasoma kwa sauti nyengine kabisa.

Wapo pia wazazi, na walimu wa chuoni, wasioridhia michoro ya viumbe wenye roho. Huna haja ya kufungua mjadala wa fiqhi kwenye mlango wa darasa. Tumia vitu. Kisa cha sufuria ya Abunuwasi iliyozaa na baadaye ikafa kinachoreka chote kwa sufuria kubwa, sufuria ndogo, mlango unaofunguka na kufungwa, na viputo vinavyotoka nyuma ya mlango. Mbuzi ya kukunia nazi inayolalamika kwamba inafanya kazi na haionji wali ni kichekesho tosha, tena mbuzi, kata na mwiko ni vyepesi kuchora kuliko uso wa mtu.

Sasa darasa lenyewe. Wanafunzi zaidi ya sitini, vitabu vichache, na kama mna mikondo miwili, muda umebana. Usigawe kitabu kimoja kimoja. Wakae wanne kwa kitabu, na kila mmoja awe na kazi: mmoja sauti ya mzee, mmoja sauti za wengine, mmoja maelezo, na wa nne, yule mgumu wa kusoma, mpe sauti za vitu. Chubwi! Pu! Kacha! Tiii! Hayo ni maneno mafupi, yameandikwa makubwa, na kila mtu anamsubiri yeye ayaseme. Nimeona watoto waliokuwa hawafungui mdomo darasani wakaanzia kwenye “pu!” Baada ya hapo wabadilishane.

Kitabu kikiwa kimoja tu, nakili visanduku vinne nyuma ya kalenda kubwa ya ukutani, lakini cha mwisho kifunike. Waulize kitatokea nini. Wape nafasi wabishane, wakikupa majibu matatu manne yenye sababu, funua. Usieleze mzaha kabla, na hata baada. Mwalimu anayesema “mnaona, anasema anaangua madafu lakini kweli kakimbia” amelitia maji lojo. Uliza tu, “Huyu mzee kwa nini anasema kaja kuangua madafu?” na umwachie atakayejibu awafahamishe wenzake.

Kutoka hapo njia ya kwenda kwenye uandishi ni fupi, na hapa ndipo ninapoipendea katuni kuliko nyenzo nyingi za gharama. Kiputo ni usemi halisi uliozungushiwa mstari. Ondoa mstari, weka alama za mtajo, ongeza “Mzee akasema,” na mtoto amepata somo la alama za uandishi kwa kuliona. Wa Darasa la Nne watakwenda mbele: Mzee alisema kwamba yeye ng'ombe hamwogopi. Fanya hivyo mara kwa mara, kwa sababu mtihani hauna viputo, na mtoto anayekula katuni tupu atakwama kwenye aya ndefu. Kila baada ya katuni mbili tatu, wape ukurasa wa maandishi matupu wenye mhusika yuleyule. Wataufuata kwa sababu ya mzee, si kwa sababu yako.

Vya Kiingereza vigeuze. Bandika vipande vya karatasi juu ya viputo kwa gundi hafifu, wao waandike Kiswahili chao kwa kutazama picha. Kundi hili litatoa kisa hiki, lile kile. Kwa Darasa la Pili nisingevitumia zaidi ya hapo.

Kutengeneza vyako: hujui kuchora, vizuri sana. Duara, nukta mbili na mstari vinatosha. Nyusi zikipanda kaogopa, zikishuka katikati kakasirika, mdomo ukiwa mstari ulionyooka anasema uongo. Kinachotakiwa ni mhusika atambulike kisanduku kwa kisanduku, basi mpe kitu kimoja kisichobadilika: kofia, ushungi wa mistari, mwamvuli. Kisa kitoe mdomoni mwa watoto wenyewe. Kunguru aliyeiba mofa, popo wa Kidike huko kwenu aliyeshindwa kulala mchana kwa kelele za watalii, babu aliyetafuta miwani iliyo usoni pake.

Karatasi moja ya A4 ikunje mara mbili, halafu mara ya tatu, upate sehemu nane. Ifungue, ikunje nusu kwa upana, upasue kwa mkasi mkunjo wa katikati kuanzia upande uliokunjwa mpaka ulipokutana na mkunjo unaoukata. Ifungue tena, ikunje kwa urefu, sukuma ncha mbili zikutane, na mkononi una kijitabu cha kurasa nane bila ya pini wala uzi. Kwa kuwa yote imechorwa upande mmoja, nakala moja ya fotokopi ni kitabu kimoja. Andika maneno kwanza, kiputo kikizunguke baadaye. Ukianza na kiputo maneno hayatatosha, utayabana, na utarudi kwenye kasoro ileile ya kukata maneno. Tumia kalamu nyeusi. Penseli haionekani kwenye fotokopi, na kivuli cha kijivu hutoka doa jeusi linalomeza uso wa mhusika.

Vitabu vya watu vyenye hakimiliki usivitoe nakala za darasa zima. Sheria ipo, na COSOZA, taasisi ya hakimiliki, ndiyo inayoisimamia Zanzibar. Lakini ziko hadithi za Kiswahili zilizotolewa kwa leseni huria kwenye African Storybook ya Afrika Kusini na StoryWeaver ya Pratham Books ya India. Zilizo nyingi unaruhusiwa kuzichapa, kuzifasiri, hata kuzibadilisha, ilimradi uwataje mwandishi na mchoraji. Si katuni, ni vitabu vya picha vya kawaida, lakini hakuna kinachokuzuia kuviongezea viputo. Kituo cha walimu cha wilaya yako kikiwa na kompyuta na printa, zipakue hapo.

Kabla hujatoa nakala za cha kwako, mpe mtoto mmoja wa Darasa la Tatu akisome mbele yako, nawe usiseme kitu. Anapokwama, neno hilo libadilishe. Akiruka kisanduku, mpangilio wako umempotosha. Akicheka kwenye kisanduku cha tatu wakati mzaha uko cha nne, umeonesha mapema mno: punguza picha ya kabla yake, ufute pua ya ng'ombe, bakisha kofia iliyoinuka tu.